Chupa Niliyoibeba kwa Jina Lako

Mnyambe, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Somoe,

Shuleni, kabla darasa la nne halijanitema, mwalimu alitufundisha kwamba barua huanza hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nami. Nimeandika maneno hayo maisha yangu yote bila kuyafikiri, hata kwa watu nisiowapenda. Leo yamenikwama. Kwanza, mimi si mzima. Pili, wewe hujawa mbali bado. Nakusikia hapo uani unacheka na mama yako mkifunga sanduku kwa kamba ya katani. Na hofu juu yako ndiyo barua yenyewe. Basi salamu tumezimaliza.

Mama yako ameshakuusia habari za nguo, za vijana, na za kutomwazima mtu sufuria. Sina la kuongeza. Mimi nina la kupunguza. Kuna uongo mmoja unasafiri nao kesho, nataka nikutue.

Katika begi lako lile la mtumba, mfuko wa ndani, kuna karatasi ya daktari wa Masasi ya kupeleka chuoni. Umeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Inasema kwamba katika miaka hii miwili mkojo wa Somoe umekuwa safi, figo zake zina mwelekeo mzuri, na vidonge ameachishwa. Karatasi ile inasema kweli tupu, mwanangu. Ila inasema habari za figo zangu. Mkojo uliopimwa ni wangu.

Najua utacheka kwanza, maana nimekulea kucheka. Halafu utanyamaza. Nyamaza tu, ni haki yako. Ukimaliza kunyamaza, endelea kusoma.

Ningekuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unajulikana kijiji kizima. Nikianza jambo zito hugeuka mzaha kabla sijafika katikati, watu wanashika mbavu, na mimi napenyea hapohapo natoroka. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Jumapili nilikuita ukaja ukapiga magoti, ukasema, "Naam, baba." Nikakuambia, "Nilitaka kukuonyesha kuku yule anatembea kama mwenyekiti wa kijiji." Ukacheka ukaondoka. Kalamu nayo haijui kuchekesha vizuri, ndiyo maana nimeichagua.

Nianze nyuma kidogo, kwa sababu kosa hili lina kaka yake mkubwa.

Unakumbuka ulipokuwa ukikaa bondeni kwa mjomba wako, karibu na Masasi, kwa ajili ya shule. Huku kwetu juu mtoto wa kike humaliza asubuhi yake akipanda na kushuka mlima na ndoo kichwani, na kule kisima kiko uani. Ulirudi likizo moja na mafindofindo. Siku ya pili ukamwita mama yako chooni, naye akaniita mimi: mkojo wako ulikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, iliyolala. Sikuuliza hata swali moja. Nilisema, "Kichocho." Huku kwetu juu hakuna dimbwi wala mto, na kichocho ni ugonjwa wa watu wa maji. Kwa hiyo ulikuwa umeutoa kwa mjomba wako, na mimi nilikuwa nimengoja miaka mingi nipate cha kumshika nacho.

Wewe unajua mambo yetu yalivyo. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mimi baba yako naonekana kama jogoo wa kuazima. Mjomba wako alipokuja, baraza lilijaa watu.

"Shemeji," akasema kwa upole wake ule unaoniudhi, "mtoto huyu hajawahi kukanyaga dimbwi kwangu."

"Basi dimbwi limemfuata kitandani?"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akadondosha ugoro wake. Nilishinda. Wewe ulikuwa umekaa karibu na mlango, na hukucheka, na mimi sikuona, kwa sababu mtu anayechekesha watu huangalia wale wanaocheka.

Jioni ile nilichukua fimbo. "Sema ulioga dimbwini." Ukasema, "Sikuoga, baba." Mara ya pili ukasema hivyohivyo. Mara ya tatu ukasema, "Nilioga." Nikaweka fimbo chini, nikakusifu. Nilikuchapa mpaka ukasema uongo, kisha nikakupongeza kwa kusema kweli. Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Nakuomba sasa, na najua nimechelewa.

Ukameza dawa za kichocho. Damu ikapotea yenyewe, mimi nikajigamba. Kila koo lilipokuuma ikarudi, na kila iliporudi nikasema umekwenda tena kuoga. Tulipoteza misimu miwili ya korosho namna hiyo, mpaka mama yako akachoka kunisikiliza, akakufunga kanga kiunoni, akakupeleka Masasi bila kuniaga.

Ndipo akaingia yule daktari kijana, mwembamba kama fito. Alikuuliza kila kitu wewe, mimi hakuniuliza. Akakupeleka Dar es Salaam, na huko wakakuchoma sindano mgongoni wakatoa kijipande cha figo. Mama yako alilia. Daktari alipoona hata mimi nimepauka akaniuliza, "Mzee, mnunuzi wa korosho anajuaje kilicho katikati ya gunia?"

"Anachoma bambo," nikasema. "Kile chuma chenye uwazi. Anakiingiza, kinatoka na korosho za ndani."

"Basi Somoe amechomwa bambo."

Nilimpenda kuanzia siku ile, na ndiyo maana aibu yangu ni mara mbili. Majibu yalipokuja alitukalisha chini akaeleza. Wewe ulielewa zaidi yangu, lakini nitaandika nilivyoelewa mimi ili ujue kwamba nilielewa. Alisema mwili wako una askari wake wa kupigana na maradhi ya koo na kifua, na askari hao badala ya kurudi kambini wanakwenda kunasa kwenye chujio za figo, wanakaa humo, wanazichubua. Si kichocho. Si dimbwi. Hakuna mtu aliyekuambukiza. Mjomba wako alikuwepo. Hakunitazama hata kidogo, na afadhali angenitukana.

Mama yako akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo mdomoni. "Sasa, daktari, ataishia wapi?"

Akatandaza karatasi ya kuchorea mstari wa protini yako, na rula juu yake, akasema, "Mama, wako wanaozeeka na ugonjwa huu, wanazika hadi daktari wao. Na wako ambao figo zinachoka wangali vijana. Kwa kumtazama leo siwezi kusema yeye ni wa kundi gani. Nitatazama mambo manne. Makovu tuliyoyaona kwenye kile kijipande, kwake ni machache. Presha yake. Damu yake inachujwa vipi. Na hili la nne ndilo kubwa: protini inayovuja kwenye mkojo, si ya siku moja, ya msimu baada ya msimu. Ikishuka ikakaa chini, nitakuwa na matumaini makubwa. Ikikaa juu, lazima tupigane nayo mapema."

Mimi nikatia neno langu, maana sikuweza kukaa bila kutia neno. "Kwa hiyo wewe ni mpiga ramli mwenye rula."

Akacheka. "Wewe mzee, unatabirije korosho za mwaka ujao?"

"Natazama maua. Natazama umande na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua, kama umeshika. Natazama kama salfa imepigwa kwa wakati."

"Na mimi hivyohivyo. Lakini ukiniletea maua ya shamba la jirani, nitakudanganya bila kukusudia."

Alisema hivyo, Somoe. Kwa maneno hayohayo. Nilicheka kuliko wote.

Wewe ukaingia sekondari Newala, ukawa unaonwa na daktari wakati wa likizo ndefu tu. Hapo alikupima presha tu; mkojo alitaka wa asubuhi, na kazi ya kuupeleka niliiomba mimi. Niliitaka kwa nguvu. Mjomba wako alikuwa amesema, "Figo zikizidi kuharibika, mtoto arudi kwetu atibiwe, shule basi." Nikaona huu ndio ubaba wangu: nitabeba chupa. Ulikuwa unaniletea kwenye geti la shule asubuhi, umeifunga kwenye gazeti kwa aibu, unasema, "Shikamoo baba, usiitikise." Nami nakujibu, "Marahaba, nitaibeba kama yai la mfalme."

Safari ya kwanza mbuzi wa mtu alikanyaga kapu langu kwenye lori, pale kwenye kona za kuteremkia. Chupa ikafunguka, yote ikamwagika juu ya ming'oko, vile viazi vya porini, niliyokuwa nampelekea daktari. Nilifika Masasi na chupa tupu. Niliona aibu kusema, baada ya kujigamba kote kule. Nikazunguka nyuma ya choo cha hospitali nikaijaza mwenyewe. Nikajiambia, damu ni moja, kwani mimi si baba yake? Ukoo mzima unasema mtoto ni wa mama. Siku ile nikajipa ubaba ndani ya chupa.

Daktari alirudi kutoka maabara mbiombio. "Baba Somoe! Safi kabisa! Sikutegemea." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akachukua karatasi ile yenye mstari, akaushusha mstari wako mbele yangu kwa rula.

Nilirudi nyumbani kwa lori, mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Mjomba wako akasema, "Alhamdulillahi, shemeji, umetuletea habari." Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake. Ningefungua mdomo wakati ule, kosa lingekuwa la mbuzi. Sikufungua.

Safari ya pili hapakuwa na mbuzi.

Hapa ndipo ninapotaka unisome polepole. Chupa yako ilifika nzima. Nilishuka kabla ya mjini, nikakaa chini ya ile milima ya mawe, nikaitoa kwenye gazeti, nikaitikisa. Daktari alikuwa ametufundisha kwamba mkojo wenye protini nyingi hutoa povu lisilotaka kuondoka. Na mimi, mwanangu, sina elimu nyingine duniani ila ya povu. Nimekamua mabibo tangu nikiwa kijana. Nikitazama povu la uraka, pombe yake, nakuambia ulikamuliwa lini na utalevya nani. Povu la maji hufa upesi. La kwako lilikaa. Nilivuta sigara nzima, bado lipo, jeupe, limenitazama.

Nikaumwaga. Nikajaza wangu.

Usiseme baba hakujua. Hicho ndicho kisingizio ambacho ningekipenda, na sina haki nacho. Unajua tulivyokuwa tukiwapakilia wale wanunuzi binafsi walipoanza kuja na mizani zao, baada ya ushirika kulegea: korosho nyeupe juu, zilizooza katikati, na akija mwenye bambo unamwelekeza pembeni ya gunia. Nilikuwa nimebobea. Mkono uliokwisha zoea gunia haukuona ugumu kwa chupa.

Mara saba nilifanya hivyo. Na kila mara nilikaa mahali palepale na kuitikisa yako kwanza. Kwa nini? Nilikuwa natafuta mara moja tu povu lako life upesi, ili nipeleke wa kweli na uongo wote wa nyuma uwe umegeuka kweli wenyewe. Halikufa.

Kuna jambo linaniuma kuliko hayo. Mara moja, katikati, niliugua malaria nikaogopa mkojo wangu, nikapeleka wako. Daktari akakunja uso. "Imepanda ghafla mno. Haiwezekani, angalia huku nyuma kote safi. Bila shaka chupa ilikuwa chafu. Rudia mwezi ujao." Ukweli wako ulipofika mezani ukaitwa uchafu. Nami nikarudia mwezi ujao, na wangu, akafurahi.

Mwishowe, kwa kuamini mstari wake, akakuachisha vidonge vilivyokuwa vinalinda figo zako, akaandika ile karatasi. Presha yako ilikuwa nzuri kila alipokupima, lakini ilikuwa nzuri kwa nguvu ya vidonge hivyohivyo. Wiki iliyopita uliamka na macho yamevimba, mimi nikakuambia, "Umelia kwa kutuacha." Ukaona haya, ukasema hujalia. Mara ya pili hiyo nimekusingizia kitu ambacho hukufanya.

Sasa utauliza, leo nimeona malaika gani mpaka niungame. Sijaona malaika. Nimekamatwa na kibofu changu.

Mwezi uliopita nilipeleka chupa ya mwisho. Daktari akarudi na uso wa mtu aliyepoteza ufunguo. "Figo hazijambo, lakini mkojo una sukari nyingi sana. Mlete Somoe kabla hajaondoka. Ni ajabu kwa msichana kama yule." Nilicheka palepale. Akaniuliza, "Unacheka nini, mzee?" Nikasema mate yamenipalia. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sukari ilikuwa yangu: ile kiu ya miezi yote, mtungi naumaliza peke yangu. Na wale sisimizi nyuma ya nyumba, ambao mama yako alisema nimewamwagia chai, kumbe nilikuwa nawamwagia sukari kweli.

Umeona ilivyo? Kwa miaka miwili nimekuibia nafasi ya kutazamwa, na ugonjwa wangu ukaja kusimama kwenye foleni yako.

Jumatatu nilipowaambia nakwenda kutafuta magunia, nilikwenda Masasi nikamwambia daktari yote. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa kuanzia. Haukutoka. Hakunifokea. Alichukua ile karatasi ya mstari, akachukua kifutio, akaanza kufuta kuanzia mwisho, kidogo kidogo, akirudi nyuma mpaka pakabaki alama tatu: mbili za mwanzo, alizozipima kwako mwenyewe, na ile moja aliyoiita uchafu. Akapuliza vumbi la kifutio.

"Sasa sijui," akasema. "Niliyokuwa nayajua juu ya binti yako siyajui tena."

Nikamuuliza kama nimekuua.

Akaiweka rula juu ya karatasi. Kisha akasema, "Huenda hujamfanya lolote kubwa, huenda umemfupishia njia. Makovu yalikuwa machache. Tukianza tena sasa, vidonge, chumvi, presha, na mkojo wake mwenyewe, bado ana miaka mingi ya kupigania. Lakini siwezi kukuahidi. Mara hii hata kukukisia sitaki." Halafu akasema, "Mwambie wewe. Nisimwambie mimi."

Hiyo ndiyo habari yote. Sikuambii usiende chuoni. Nenda. Ualimu umeutafuta kwa akili yako, na akili yako hakuna aliyekuchotea kwenye chupa ya mtu. Lori la kwenda chuoni linaondoka Masasi Jumamosi, kwa hiyo kesho Ijumaa asubuhi daktari anatungoja, na utalala kwa mjomba wako. Nitakuja nawe mpaka pale. Mlangoni nitamwambia mjomba wako habari ya dimbwi na habari ya chupa, mbele ya watu wake wote, na akitaka kuwachekesha watu kwa kunisema, safari hii ni zamu yake. Ukitaka kukaa mbele ya gari na mimi nikae nyuma na mizigo, sawa. Ukitaka usiongee nami mpaka Masasi, sawa vilevile. Nami nitajitahidi nisiseme kitu cha kuchekesha, ingawa hilo siwezi kuapa.

Usia sina, maana wa kunisikiliza mimi juu ya kweli angekuwa mjinga, na sikuzaa mjinga. Niseme tu nililoliona: habari iliyonipendeza upesi sikuwahi kuitikisa. Zile zilizoniudhi nilizitikisa mara saba.

Kule shuleni walitufundisha pia kumaliza barua kwa "wako katika ujenzi wa taifa." Taifa siku hizi linajengwa na wenye maduka, mimi nimebaki na kazi ndogo. Nimeosha chupa mbili kwa maji ya moto na majivu, nimezikausha juani. Nimezibandika karatasi kwa uji wa muhogo. Moja imeandikwa SOMOE, nyingine imeandikwa BABA, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza ili asiwepo wa kukosea. Ya kwako iko kwenye kizingiti cha chumba chako, pembeni ya viatu. Kesho ukiamka, kabla ya chai, jaza. Usinipe mimi. Hata nikikuomba, usinipe.

Safari hii kila mtu atabeba ya kwake.

Baba yako